Nimeuziwa mapishi ya uongo ya supu ya boga na epo: mkono umeungua, hela imeenda na muuzaji amenibloku

Wakuu, habari za muda huu. Mniwie radhi, uzi ni mrefu na nina hasira, tena naandika kwa mkono wa kushoto maana wa kulia bado una bandeji.

Kuna mchezo umeota mizizi mitandaoni na leo nausema waziwazi. Mtu anachukua mapishi ya Kizungu, anayageuza Kiswahili, hajawahi kuyapika hata siku moja, anaweka picha nzuri juu, kisha anatuuzia sisi tulio ughaibuni kama kitabu. Mimi nimenunua kwa dola 25. Jina la muuzaji silitaji, sitaki uzi ufutwe, lakini walionunua watajua naongelea kitabu gani nikifika kwenye hiyo supu.

Niko Massachusetts mwaka wa pili sasa. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani. Nina bibi mmoja namhudumia siku nne kwa wiki, kumbukumbu zimemtoka sana, jina langu analisahau kila asubuhi. Lakini ulipoingia Oktoba, majani yalipoanza kugeuka mekundu, akaanza kuniuliza supu. Supu ya boga na epo, laini, ya rangi ya machungwa, aliyokuwa akipikiwa na mama yake. Anakumbuka ladha, vipimo hakumbuki. Kila siku anauliza. Nikaona huyu bibi nitampikia, na kwa sababu nasoma na kuelewa haraka zaidi kwa lugha yangu, nikatafuta mapishi ya Kiswahili. Ndipo nikanasa.

Jumamosi nikiwa mapumziko nikasema nijaribu kwanza nyumbani kwangu. Kitabu kinasema: "Boga 1 kubwa." Basi. Boga gani? Hakuna. Hapa mwezi wa kumi kila duka lina mlima wa maboga ya rangi ya machungwa mlangoni. Nikachukua moja, zito kama mtoto wa mwaka mmoja, nikalibeba kifuani hadi kituo cha basi. Hakuna mahali kitabu kilinionya kuwa yale ni maboga ya kuchonga sura na kuweka taa ndani siku ya Halloween. Nyama yake ni maji na nyuzinyuzi, utamu haba. Sisi tuliokulia Tanga tunajua boga ni nini, boga la futari lililoiva kwa tui mpaka linang'aa. Nilipolipasua hili nikaona ndani limepauka na nyuzi zinaning'inia kama katani. Nikapata wasiwasi, lakini nikasema kitabu nimekilipia, ngoja nikifuate.

Kitabu kinasema menya, katakata, pakaa mafuta, weka kwenye oveni "nyuzi 200 kwa dakika 40". Wakuu, hapa ndipo damu ilipochemka nilipokuja kuelewa. Nyuzi 200 za nini? Oveni za Marekani zinahesabu kwa Farenhaiti. Mimi nikabonyeza 200 kama nilivyoambiwa. Farenhaiti 200 ni Selsiasi 93 tu. Maji yenyewe hayachemki kwenye joto hilo! Dakika 40 zikaisha, nikafungua, vipande vimelowa, vigumu, rangi ileile. Nikaongeza nusu saa. Vilevile. Saa nzima na zaidi umeme unatafuna, na chakula kiko kama kimeachwa juani. Mapishi yalikuwa ya Uingereza au kwingine wanakotumia Selsiasi, na mwandishi hakujisumbua kuandika herufi moja tu pembeni ya namba. Hapa alitakiwa aandike kama 400 kwa Farenhaiti. Na anajua fika wateja wake wengi wako Marekani, kwa sababu bei kaiweka kwa dola!

Muda ukawa umekwenda, nikavimimina vyote kwenye sufuria nivichemshe. Epo kitabu kinasema "epo 4", nikaweka zile za kijani, Granny Smith, chachu kabisa. Kisha: "Ongeza maziwa vikombe 2, acha ichemke dakika 10." Nikaongeza. Ndani ya dakika mbili tatu maziwa yakakatika. Mabonge meupe juu, maji ya manjano chini.

Ninyi mliokulia Pwani mnajua. Mama zetu hawaweki tui zito mwanzoni. Wanapikia tui jepesi, lile la kwanza linaingia mwishoni, moto mdogo, mwiko haukai, kwa sababu ukiliacha lichemke ovyo linakatika. Na ukiwa umetia ndimu ndio kabisa. Maziwa na uchachu wa epo ni yaleyale: asidi na moto mkali vikikutana, protini ya maziwa inagandamana. Mtu aliyewahi kupika supu hii hata mara moja angeliona hilo kwa macho yake. Angeandika krimu nzito, ile yenye mafuta asilimia 36, ambayo inavumilia, na angeandika itiwe mwisho moto ukiwa umezimwa. Hakuandika kwa sababu hakupika.

Sasa njooni kwenye mkono.

Ukurasa huohuo, nanukuu kama ulivyo: "Mimina supu ikiwa ya moto kwenye blenda, jaza, funga mfuniko kwa nguvu, saga dakika 2." Nikajaza. Nikafunga. Nikaweka kiganja juu ya mfuniko, nikabonyeza. Mlio ulikuwa mmoja tu, kama tairi limepasuka. Mvuke umesukuma mfuniko, uji wa moto umeniruka mkononi hadi kwenye kiwiko, mwingine umefika kwenye dari. Mwanangu wa miaka sita alikuwa amesimama kando ya friji akisubiri kuonja. Hatua mbili mbele, ingekuwa usoni kwake. Nimekaa dakika 20 mkono ukiwa chini ya bomba la maji baridi, nalia, si kwa maumivu peke yake, bali kila nikimtazama yule mtoto.

Supu ya moto haijazwi kwenye blenda! Unaiacha ipoe kwanza, unaweka theluthi moja au isizidi nusu, unatoa kile kifuniko kidogo cha katikati ili mvuke upumue, unafunika juu kwa kitambaa, unaanza spidi ya chini. Au unatumia blenda ya mkono ndani ya sufuria. Hii ni habari ya usalama wa mtu, na kwenye kitabu cha dola 25 haimo. Kilichomo ni kinyume chake.

Nimekosa kazi siku tatu, maana sikuweza kumhudumia mgonjwa nikiwa na kidonda kibichi. Kwa sisi tunaolipwa kwa saa mnajua siku tatu ni nini mwisho wa mwezi.

Nikamwandikia muuzaji. Kwa adabu kabisa, "Dada, shikamoo, nina shida na ukurasa wa supu." Nikamweleza nyuzi 200, nikamtumia picha ya mkono. Akajibu: "Mapishi yangu yako sawa, wewe hujui kutumia vyombo vya Kizungu." Nikamwambia basi naomba arekebishe tu huo ukurasa, hata hela asirudishe, wengine wasiumie. Akanibloku. Picha ya mkono aliiona, alama za kusomwa zipo.

Hiyo "hujui vyombo vya Kizungu" ndiyo imenifanya nifungue uzi huu.

Kwa sababu juma lililofuata nilipika, na nilipika kwa vyombo vilevile. Kazini kuna dada mmoja Mganda anakaa Waltham, mji ambao Waganda wamejaa. Alipoona bandeji akauliza, nikamsimulia, akasikitika sana. Siku ya pili akaniletea mkobani boga jingine kabisa, la rangi ya karanga, lenye shingo ndefu na tako la duara. Akasema hili ndilo la supu, linaitwa butternut, na akaniambia kwa fahari kwamba aina inayolimwa sana inaitwa Waltham Butternut, ilitoka kwenye kituo cha utafiti wa kilimo cha mji wake, ikapata tuzo ya kitaifa mwaka 1970. Yaani boga lenyewe ni la jimbo hili ninaloishi! Mtu aliyeniuzia kitabu cha kupikia ughaibuni ameshindwa kuliandika hata jina.

Tukapika kwake Jumapili. Hakulimenya. Butternut bichi ukilimenya lina utomvu unaokausha viganja mpaka ngozi inavuta na kubanduka, kwa hiyo ukilioka na ganda lake umeepuka yote hayo. Alilipasua katikati kwa urefu, akakwangua mbegu, akapaka mafuta na chumvi, akalilaza kifudifudi kwenye trei. Pembeni kitunguu maji vipande vinne, karoti mbili, kitunguu saumu kizima na maganda yake. Oveni Farenhaiti 425, sawa na Selsiasi 218. Epo mbili akaziweka baadaye, zikiwa zimebaki dakika 20, kwa kuwa tunda linawahi kuiva kuliko boga.

Kwenye dakika ya thelathini hivi nyumba ikabadilika harufu. Nilichungulia kwenye kioo nikaona maji ya boga yanatoka pembeni, yanachemka juu ya trei, yanageuka asali nyeusinyeusi. Ganda likaanza kukunjamana na kunywea. Baada ya dakika 50 akachoma kwa kisu, kikazama kama kwenye siagi. Akaligeuza: upande uliokuwa chini umepiga kahawia, kingo zimeungua kidogo. Akanikwangulia kwa kijiko nikaonja kabla ya kitu chochote kuongezwa. Wakuu, ile ndiyo ladha anayoiulizia bibi yangu.

Na hapo ndipo nikaelewa kwa nini nyuzi 200 zile zilikuwa wizi. Rangi ya kahawia haiji mpaka joto la juu ya chakula livuke kama Selsiasi 140. Kwenye sufuria ya maji hufiki, maji yanakomea 100. Kwenye oveni ya Farenhaiti 200 ndio kabisa hufiki. Ungekaa siku nzima ungepata boga chukuchuku. Kuoka ndiyo supu yenyewe, huko kusaga na krimu ni kumalizia tu.

Tulikwangua nyama, tukakamua vitunguu saumu kutoka kwenye maganda vikatoka laini kama dawa ya meno, tukaongeza lita moja ya mchuzi wa kuku, kungumanga kidogo, tukaacha ipoe, tukasaga nusu nusu na kitambaa juu. Krimu nusu kikombe, moto umezimwa. Haikukatika. Mimi nilipoirudia nyumbani niliweka tui zito la kopo badala ya krimu, nalo lilikaa vizuri na likaendana na epo kuliko nilivyotegemea. Na msiwahi sana kununua. Butternut lililovunwa Septemba likikaa ndani wiki kadhaa linazidi utamu, wanga wake unageuka sukari, kwa hiyo la Novemba ni bora.

Jumatatu nikampelekea bibi. Alikunywa bakuli lote, akageuza bakuli akatazama chini kama kuna jingine. Jina langu bado hakulikumbuka. Akaniuliza, "Umempata wapi mama?"

Sasa nataka mambo mawili kutoka kwenu. Aliyenunua kitabu hiki aangalie ukurasa wa supu, kama bado umeandikwa "jaza, funga kwa nguvu", auchane, na amwambie kila aliyemtumia. Na ninyi mnaouza mapishi, mpo wengi humu na nawaona: andikeni F au C mbele ya namba. Andikeni jina la boga. Andikeni kikombe chenu ni mililita ngapi. Pikeni kwanza, mpige picha ya kile mlichopika ninyi. Picha ya kitabu hiki inaonesha supu ya rangi ya machungwa iliyokolea, na maboga ya kuchonga yakichemshwa na maziwa vikombe viwili hayawezi kutoa rangi hiyo hata kwa dawa. Picha ni ya mtu mwingine.

Msituambie ni vitu vidogo. Tunaosoma mapishi kwa Kiswahili hatuna pa kuhakikisha. Mzungu akikosea kwenye tovuti yake, chini yake kuna watu mia wamemsahihisha. Sisi tuna ukurasa mmoja wa PDF na mtu anayebloku.

Nahariri: Mmeuliza PM nyingi kama nitamshtaki. Nataka kwanza arekebishe ukurasa. Nimempa hadi Ijumaa kupitia mtu anayemfahamu. Picha za mkono, risiti na mazungumzo yote ninayo, nimeyahifadhi sehemu mbili. Walioko Uingereza na Kanada, semeni huko kwenu butternut linauzwaje na oveni zinasoma nini, niliongeze hapa juu. Naingia shifti ya usiku, nitajibu asubuhi.