Shiraz, divai nyekundu, ya bei nafuu: mbona inachoma koo?

Mwana_Nyali: Wadau, hizi Shiraz za bei ya chini nikifungua nyumbani nasikia pombe tupu. Tatizo ni chupa?

Kaunta_Bamburi: Ni joto. Kwenye nyuzi 30 za sebule zetu, pombe hufunika tunda. Tia kwenye friji saa moja na nusu hivi, inywe ikiwa nyuzi 16 hadi 18. Ikizidi kupoa, ukakasi unakaza ulimi. Dukani kagua kizibo: kikichomoza au shingo ikinata, huenda divai imeharibiwa na joto. Kifuniko cha kuzungusha si dalili ya uduni.

Pipa_Kavu: Nafuu yake yatokana na utengenezaji. Zabibu hupondwa na kuchachushwa pamoja na maganda, nyuzi 25–28, kama wiki moja. Maganda huelea, yasipozamishwa mara 2 au 3 kwa siku, rangi haitoki sawasawa na juu huanza siki. Kisha hukamuliwa. Ya ghali hulazwa miezi kwenye mapipa ya mwaloni. Hii hutiwa vipande vya mwaloni ndani ya tangi la chuma. Si ulaghai, vanila ya mwaloni utaisikia.

Mwana_Nyali: Na ikibaki nusu chupa?

Kaunta_Bamburi: Ifunge, friji, siku 3. Baada ya hapo, pikia nyama.