Kwa nini mwigizaji tunayempenda hutisha zaidi anapoigiza muuaji?

Swali
Ndugu zangu, nimetazama Shadow of a Doubt, filamu ya taharuki iliyoongozwa na Alfred Hitchcock mwaka 1943, na bado sijatulia. Joseph Cotten, mwenye sauti ya upole na haiba ya mjomba anayekimbiliwa na watoto mlangoni, ndiye anayewaua wajane matajiri. Wakiwa mezani, anawasema wajane hao kwa chuki huku kamera ikiusogelea uso wake kwa ubavu. Mpwa wake anapomkatiza kwamba hao nao ni binadamu, anageuka, anatukazia macho sisi watazamaji, na kuuliza kama kweli ndivyo walivyo. Je, mwigizaji aliyezoeleka kwa ubaya angenishtua kiasi hicho?

Jibu la kwanza
Sidhani, ndugu. Mtazamaji huja na imani aliyokwisha kumpa mwigizaji katika filamu zilizotangulia, na mwongozaji hodari huitumia imani hiyohiyo kumuumiza. Sergio Leone alipompa Henry Fonda nafasi ya katili katika filamu yake ya mwaka 1968, Once Upon a Time in the West, Fonda alifika akiwa amefuga masharubu na kuvaa lenzi za kahawia. Leone alimwondolea vyote, kwa kuwa alitaka anayemuua mtoto awe na macho yaleyale ya bluu ambayo watu walikuwa wameyaamini kwa miaka mingi.

Jibu la pili
Nakubali, ila uamuzi huo unahitaji ujasiri hadi mwisho. Katika Suspicion, filamu ya Hitchcock ya mwaka 1941, Cary Grant, nyota aliyependwa sana, anapanda ngazi gizani akimpelekea mkewe glasi ya maziwa, na mwongozaji alitia taa ndani ya glasi ili jicho lisiweze kubanduka hapo. Hata hivyo, kama alivyoeleza mwenyewe baadaye, haikukubalika kwamba Grant awe muuaji, hivyo hadithi ikageuzwa, na kwangu mimi taharuki yote iliyojengwa kwa uangalifu ule inalegea katika dakika za mwisho.

Jibu la tatu
Mimi naongeza kwamba uso mpole hutufanya washirika wa kosa. Katika Psycho ya mwaka 1960, tunamwona Anthony Perkins, kijana mwenye haya, akilididimiza gari lenye maiti kwenye kinamasi, nasi tunaamini anaficha mauaji yaliyofanywa na mama yake. Gari linazama nusu, kisha linakwama. Hapo nilijikuta nimezuia pumzi, nikitamani kwa moyo wote lizame.