Wadau wa mshipi mlioko Marekani, striped bass wa ufukweni baridi hii anapatikana wapi? Naombeni ushauri

Mtanga_wa_Jezi:

Habari zenu wakuu, heri ya mwaka mpya kwa ambao hatujasalimiana. Mimi mtu wa Tanga, nimekulia mitaa ya Deep Sea pale wanaposhusha samaki kwa hiyo mshipi sio kitu kigeni kwangu, changu na kolekole nimewavuta sana tu, ila bahari ya huku ina mambo yake. Nakaa New Jersey upande wa Perth Amboy, kazi yangu zamu ya usiku kwa hiyo mchana nikishaamka nina masaa yangu mawili matatu ya kuzurura.

Sasa iko hivi. Mwezi wa 11 hadi katikati ya mwezi wa 12 nilikuwa nashuka Island Beach State Park na jamaa wa kazini, aisee samaki walikuwa wanakula balaa, unaona wale ndege weupe wakubwa wanajitupa majini kama mawe basi ukirusha samaki wako wa bati, chambo bandia, hapo hapo unapokea. Hawa striped bass wenye mistari myeusi ubavuni, wengi tuliwarudisha maana walizidi kipimo, lakini raha tuliipata. Tangu krismasi ipite ni kimyaaa, jamaa wote wameweka fimbo stoo wanasema tuonane masika ya huku. Mimi kukaa ndani siwezi jamani, na maji hayajaganda, nayaona yanapwa na kujaa kama kawaida.

Naomba kujua hawa samaki wameenda wapi, kuna wanaobaki? Nyumbani kwangu na ghuba ya Raritan ni pua na mdomo, naweza kujaribu hapo hapo au nifunge safari? Na vifaa vya baridi ni vipi, maana vidole nilikuwa sivisikii kabisa siku za mwisho.

kibua_choma:

Mkuu nyuzi joto ziko chini ya sifuri huko na wewe unataka kwenda kusimama kwenye maji 😂😂 si uende supamaketi ununue sato wako mgando ulale. Watu wa pwani mna shida.

Mtanga_wa_Jezi:

Sato wa supamaketi anaonja kama karatasi kaka, acha tu.

Abu Nahodha:

Waalaykum salaam Mtanga, karibu. Mimi mtu wa Lamu, niko hapa Jersey Shore muda mrefu na nimevua kila jeti unayoijua, zile kuta za mawe zinazoingia baharini. Kabla hujaniuliza samaki wako wapi nikuambie kwanza kuhusu sheria, maana hapo mlangoni kwako ndipo utakapokamatwa. Ghuba zote na mito ya New Jersey hufungwa kwa striped bass kuanzia Januari 1 mpaka mwisho wa Februari. Raritan ni ghuba. Usimguse kabisa muda huo, na ile ya "nilikuwa natafuta samaki mwingine bwana askari" wameshaisikia sana. Kilicho wazi mwaka mzima ni bahari ya Atlantiki yenyewe tu, kutoka ufukweni mpaka maili 3, ukivuka maili 3 huko nje serikali ya shirikisho imepiga marufuku tangu 1990 lakini wewe wa ufukweni hilo halikuhusu. Na ukivuka daraja kuingia Staten Island hiyo tayari ni New York, bahari yao hawafungui mpaka Aprili 15. Ukijua hayo utaona kwamba hapo ulipo umezungukwa.

Jingine, ule usajili wa wavuvi wa maji chumvi wa jimbo, ni bure mtandaoni dakika mbili, lakini unaisha Desemba 31. Mwaka umegeuka, jisajili upya.

Haya sasa samaki. Huyu ni samaki wa kuhama, anazaa kwenye maji ya mtoni yasiyo na chumvi, Hudson, Delaware na hasa ghuba ya Chesapeake kule Maryland, anapanda kaskazini mpaka Maine kiangazi na vuli anateremka. Wale uliowaona mwezi wa 12 walikuwa safarini wanafuata vidagaa vya mchangani na heringi, na hao ndege ulioona kazi yao ilikuwa hiyo hiyo. Wakubwa sasa hivi wako mbali kusini nje ya Virginia na North Carolina. Wanaobaki huku ni wadogo wadogo wengi, wanajibanza kwenye mashimo ya mito ambako maji hayatembei sana, na huko ndiko kulikofungwa. Kwa hiyo ufukwe wa bahari Januari uko wazi kisheria lakini mtupu. Unaweza kupata mmoja wa bahati siku ambayo jua limepiga mfululizo, ila mimi simshauri mtu apoteze usingizi wa zamu ya usiku kwa hilo.

Msee wa Konektikat:

Abu amesema poa lakini buda kuna mahali ameruka. Kuja huku Connecticut, mto Thames pale Norwich. Hiyo ni stori inajulikana, striper, ndio hao hao striped bass, wanaingia huko kwa makundi wakae winter yote, na huku msimu haufungwi. Unasimama ukingoni, hauhitaji boti, unarusha kitu kidogo, samaki wa plastiki urefu wa kidole cha kati, kichwa cha risasi chepesi, kamba nyembamba ya breidi, ile ya kusukwa. Leseni ya bahari ya Connecticut ukate kwanza online, hapa si bure kama kwenu.

Sasa siri yenyewe ni speed. Samaki ni damu baridi, maji yakishuka chini ya nyuzi 50 za Fahrenheit, yaani 10 za Selsiasi, anaanza kupunguza mwendo, yakifika 40 hivi ni kama amezima injini, hafukuzi kitu. Kwa hivyo unaacha chambo kizame hadi chini kabisa, unazungusha rili pole pole mpaka unachoka wewe mwenyewe, alafu unazungusha pole pole zaidi ya hapo. Na usingoje akukokote kama ile ya November, anagusa kidogo tu kamba inakuwa nzito, ni kama umenasa kwenye jani. Ukihisi uzito huo inua fimbo bila kuvuta kwa nguvu. Watu wengi huwa wamepigwa na samaki siku nzima na wanarudi nyumbani wakisema hakuna kitu.

Mchana saa nane saa tisa ndio poa zaidi, jua likishapasha maji kidogo. Asubuhi lala.

Abu Nahodha:

Norwich nimefika kaka, samaki wapo sikatai. Lakini tuambizane ukweli, wengi wao ni watoto hawafiki kipimo, wamejazana shimoni wamelala, na kuna wanaopita na ndoana tatu tatu wanawanasa mgongoni wanasema wamevua. Mimi kumwamsha samaki nisiyeruhusiwa kumla ili nimpige picha nimrudishe, hiyo sijawahi kuielewa. Kwetu ukivua unakula.

Msee wa Konektikat:

Sasa hiyo ni yako mzee wangu, wengine tunavua kutoa stress. Mimi nabonyeza na koleo kile kimkia cha ndoana kinachoizuia kuchomoka, natumia ndoana moja tu, namtoa akiwa bado majini. Harmful iko wapi.

Abu Nahodha:

Ukifanya hivyo sina neno. Tatizo si wewe.

Baharia Mstaafu:

Mnabishana samaki hamumwambii kijana kuhusu maji. Sikiliza mwanangu, nimefanya kazi melini bahari hizo. Maji ya nyuzi 4 au 5 za Selsiasi ukidumbukia ghafla kifua kinabana, unavuta pumzi bila kutaka, na pumzi hiyo ikikutana na wimbi ndio basi. Hapo hata baridi ya mwili haijaanza kazi yake. Dakika chache mbele mikono haishiki kitu, na kuogelea kwako kwa Tanga hakutakusaidia.

Zile suruali za mpira zinazofika kifuani lazima ufunge mkanda wa kiuno juu yake, tena ukaze, maji yakiingia yasijae miguuni. Mawe ya jeti usipande bila viatu vyenye misumari chini, pale kwenye mwani mweusi barafu inajificha hauioni. Usiende peke yako. Nguo za pamba usivae ndani, pamba ikiloa inabaki imeloa, vaa sufu au zile za kukimbilia. Glavu nunua za neopreni zilizo wazi ncha za kidole gumba na shahada, na ubebe pea nyingine kavu mfukoni maana ya kwanza italowa tu utake usitake.

Na breidi ina tabia moja ya kukera, inanyonya maji, kwa hiyo pete za fimbo zinajaa barafu, kuanzia ile ndogo ya juu kabisa. Utaona kamba inakwaruza halafu inagoma. Usiigonge, pete inavunjika kiini. Izamishe ncha ya fimbo majini sekunde kadhaa itayeyuka, maji ya bahari siku hiyo yana joto kuliko hewa. Kabla hujatoka nyumbani pakaa mafuta ya mgando kwenye pete, inasaidia kiasi.

Mtanga_wa_Jezi:

Shikamoo mzee. Hii ya maji kuwa na joto kuliko hewa nimecheka lakini ni kweli kabisa. Mkanda sikuwa navaa, nanunua kesho.

Baharia Mstaafu:

Marahaba. Nunua leo.

fils_wa_Uvira:

Jambo bandugu, miye niko Maryland, huku bote banamwita rockfish, ukisikia hiyo jina usizani ni samaki ingine. Kwetu Uvira tulizoea mukeke na sangala, hii ya hapa nyama yake ni nyeupe, nzuri sana na pilipili. Lakini huku sheria inakaza kila mwaka, banasema batoto ba samaki balikuwa bachache kwa Chesapeake tangu 2019. Balishamufunga kabisa zamani huku, 1985 mpaka 1990, akarudia mingi. Kwa hiyo mutu akikuambia mukubwa hapana kubeba, usikasirike, ule mukubwa ni mama.

Msee wa Konektikat:

Exactly. Kipimo cha bahari ni inchi 28 mpaka 31 tangu 2023, mmoja kwa siku kwa mtu. Hiyo ni kama sentimita 71 hadi 78.7, unapima kutoka mdomo umefungwa hadi ncha ya mkia ukiubana. Na kiopoo chenu cha kumchoma samaki ubavuni usibebe, kimepigwa marufuku kwa huyu samaki. Alafu ukimrudisha kwa hii baridi usimlaze kwa theluji wala mchanga ulioganda, macho na matamvua yanashikwa na baridi haraka kuliko unavyodhani. Ukitaka picha, loweka glavu kwanza, mshike mdomo wa chini, mwingine akiwa na simu tayari.

Mama Swaumu:

Samahani nadandia uzi, mimi sivui, mume wangu ndiye anavua hapo hapo upande wa Newark na Elizabeth analeta nyumbani nakaanga. Kuna dada kliniki kaniambia nisile nikiwa mjamzito, ni kweli au ni mambo ya kutishana?

Abu Nahodha:

Ni kweli mama. Maji ya huko ndani yalichafuliwa na viwanda miaka mingi, sumu za PCB na dayoksini zimetulia kwenye tope, na huyu samaki anakula wengine kwa hiyo zinamjaa kwenye mafuta. Jimbo linatoa mwongozo wa kila eneo, na kwa wajawazito na watoto unabana zaidi kuliko kwa mwanaume mzima. Kaa wa ghuba ya Newark ndio kabisa, kumvua tu ni kosa. Mwambie mzee avulie upande wa bahari, na hata huyo wa bahari ausome ule mwongozo kwanza, akimtengeneza atoe ngozi, mafuta ya tumboni na ile nyama nyeusi ya ubavuni, msile kila wiki. Wewe kwa sasa kula wengine.

Mama Swaumu:

Ahsante baba, nimemsomea hapa kanuna 😅

Mtanga_wa_Jezi:

Wakuu nashukuru sana. Nimeona nifanye hivi, Norwich nitaenda wikiendi moja na Msee kama atanipokea, nikajifunze huo mwendo wa pole pole. Halafu nasubiri Machi 1 ghuba ifunguliwe. Abu, siku hiyo ya kwanza niende wapi, zile sehemu za kina karibu na daraja au vipi? Zamani nilisikia kuna mtambo wa nyuklia ulikuwa unatoa maji moto watu wanavua.

Abu Nahodha:

Huo ni Oyster Creek kule Forked River, ulifungwa Septemba 2018, maji moto yakaisha na starehe ya watu ikaishia hapo. Usiende huko kwa sababu hiyo.

Machi usifuate kina. Hapa fikra za kwetu zinakupoteza, sisi maji yakipwa tunafuata mkondo. Raritan mwezi wa 3 unatafuta tope jeusi lenye maji ya magotini, Keyport, Union Beach, kule South Amboy. Maji yakitoka mchana jua linachoma lile tope, yakianza kurudi yanapita juu yake yanapata joto nyuzi kadhaa kuliko ya katikati, na samaki anayafuata. Kwa hiyo chagua siku ambayo maji yamepwa saa sita saba mchana, jua lipo, halafu vua saa mbili za mwanzo za kujaa. Bamvua ya hapa usitegemee kama ya Tanga, tofauti ya kupwa na kujaa ni mita moja na nusu tu hivi. Ila angalia upepo, ukivuma mkali kutoka kaskazini magharibi unasukuma maji nje ya ghuba na jedwali lako linakuwa halina maana, utakuta boti zimekaa kwenye matope.

Chambo ni wale minyoo wa baharini wenye damu, bloodworm, hakuna plastiki itakayowashinda maji yakiwa baridi hivyo. Wana meno, washike nyuma ya kichwa. Kata kipande, usiweke mzima, bei yake utaumia. Chubwi ndogo ya kukaa chini, na ndoana lazima iwe ile ya duara, ukitumia chambo cha asili ni sheria tangu 2021. Fimbo iache kwenye kigingi, akila usikurupuke kuvuta kama unavyovuta changu, acha kamba ikaze yenyewe inashika pembeni ya mdomo.

Mtanga_wa_Jezi:

Hao minyoo wanapatikana muda huo? Nimepita duka la chambo hapa limefungwa lote.

Abu Nahodha:

Wengi wanafungua wiki ya mwisho ya Februari. Wanawaagiza kutoka Maine wanachimbwa kwa mkono, dhoruba ikipiga huko hawaji, kwa hiyo piga simu siku moja kabla uwaambie wakuwekee dazeni. Ukifika kabla ya saa 12 asubuhi utakuta foleni ya wazee, usiwapite.

kibua_choma:

Na ukipata utupe picha mkuu, tumekaa paleee 😂