Ukoo wa Hawe (yaani Bibi): Tarehe 3

Shangazi Kadzo: Tumsifu Yesu Kristo. Alhamisi ni tarehe 3 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Fransisko Ksaveri, yule mmisionari. Sala ya jumuiya ni kwetu. Kitambaa cha zambarau nimeshapiga pasi. Chetezo kiko kwa nani?

Karisa: Milele na milele, amina. Shangazi, zambarau rudisha kabatini. Rangi ya siku yake ni nyeupe.

Shangazi Kadzo: Si tuko Majilio, wiki za kungoja Krismasi, rangi zambarau?

Karisa: Tuko, lakini siku ya mtakatifu wake ina rangi yake. Hata Jumapili ya tatu padre anaweza kuvaa waridi. Gaudete, yaani furahini.

Mjomba Kazungu: Seminari miezi minane tu, Kilatini hatupumui 😂

Karisa: Kumi na moja, Mjomba.

Dama: Niko na Hawe hapa, nawaandikia mimi. Anasema kijana aachwe. Utotoni mwake Misa ilikuwa Kilatini mwanzo mwisho, padre kawapa mgongo, nao wanajibu "Et cum spiritu tuo". Yeye alijua "kumspiritu" ni kama kumsifu, kumshukuru 😂😂 Mpaka akaja kuambiwa ni "na iwe rohoni mwako".

Mjomba Kazungu: Hahaha sasa hiyo "tuo" ndiyo nini, kituo?

Dama: Anasema Alhamisi ataimba Salve Regina, ule wimbo wa Bikira Maria, wote anao kichwani.

Karisa: Hawe, shikamoo. Salve ni ya baada ya Pentekoste. Kuanzia Majilio mpaka 2 Februari ni Alma Redemptoris Mater.

Dama: Marahaba. Anasema Bikira Maria hatamfukuza kwa kukosea mwezi.

Shangazi Kadzo: Amina Mama 🙏

Dama: Hili ni langu sasa. Huyu Ksaveri alifika Malindi kweli au ni maneno ya kuwaambia watalii?

Karisa: Alifika. Alitoka Lisbon Aprili 1541, jahazi likakwama Msumbiji miezi mingi, 1542 wakatia nanga hapa wakienda Goa. Kuna Mreno alifia chomboni, wakamzika hapa. Ksaveri mwenyewe ameandika kwenye barua. Tena anasema mzee mmoja Mwislamu wa mjini alimlalamikia kwamba misikiti iko 17 na inayosaliwa ni mitatu tu.

Mjomba Kazungu: Huyo mzee angeiona jumuiya yetu. Kikundini tuko 34, kwenye sala huja sita na mtoto wa Kadzo.

Shangazi Kadzo: Na wewe si mmoja wa hao sita.

Mjomba Kazungu: 🙈

Karisa: Nina wazo. Tarehe 17 mpaka 23 tuimbe zile antifona za O, nyimbo fupi za kungoja Krismasi, moja kila jioni. O Sapientia, O Adonai, mpaka O Emmanuel. Ziko saba. Herufi ya kwanza baada ya kila O, ukianzia ya mwisho kurudi nyuma, inatoka ERO CRAS. Maana yake "kesho nitakuwepo".

Mjomba Kazungu: Kesho nitakuwepo! Hiyo si ndiyo lugha ya fundi wangu wa mabati? Tangu Agosti ananiimbia antifona.

Dama: Hawe kacheka mpaka kakohoa 😂

Shangazi Kadzo: [picha] Nyeupe ninayo hii moja tu. Ina doa la bizari, nimelisugua na ndimu halitoki.

Dama: Hawe anasema doa lielekee ukutani, juu yake uweke chetezo. Kiko kwake, chini ya kitanda.

Mjomba Kazungu: Nitakipitia mimi.

Shangazi Kadzo: Lini?

Mjomba Kazungu: Ero cras 🏃