Kemia ya Fomu Foo: ulikariri nini bila kujua maana yake? Tupeane uzoefu

KondaMstaafu
Wakuu, mdogo wangu ana pepa ya Kemia keshokutwa. Jana umeme umekatika huku Mbagala, kawasha tochi ya simu, anazunguka uani: "Isotopu ni atomi za elementi moja, protoni sawa, nyutroni tofauti." Nikamwambia haya, nipe mfano. Kimya. Nikajiona mimi kabisa. Leteni ya kwenu.

MtoroWaPindi
Isotopu na alotropu zilinimaliza. Nilizijua zote mbili, ila kwenye mtihani nikazibadilishana majina. Alama nne zikaenda na maji.

BintiTandika
@MtoroWaPindi tuko wengi. Mimi iliniingia siku tuliyoambiwa almasi ya Mwadui na grafiti, ile nyeusi iliyomo kwenye penseli, ni ndugu, zote kaboni tupu, zimepangana tofauti tu. Hiyo ndiyo alotropu. Isotopu ni kaboni-12 na kaboni-14: protoni sita sita, nyutroni sita kwa nane. Sikusahau tena.

Baba Wawili
Mimi naongelea pepa ya vitendo. Usiku ule nilikesha na solvingi, maswali ya mitihani ya nyuma, huku Gongo la Mboto, asubuhi nikadandia gari tumbo tupu. Naingia maabara, mikono inatetemeka. Bureti, ule mrija mrefu wenye koki, ina asidi, kwenye bika kuna besi, napaswa kuivuta na pipeti, kamrija ka kupimia. Enzi zetu tulivuta kwa mdomo, mpira wa kuvutia tuliuona kwenye picha. Nikavuta, nikainua macho kumwangalia msimamizi, ncha ya pipeti ikatoka kwenye maji. Puu! Besi yote mdomoni. Ulimi ukawa unateleza kama nimelamba sabuni ya kufulia. Nikatema kwenye sinki, dada wa meza ya jirani akanisogezea chupa yake ya maji, nikasukutua weee. Narudi mezani, nafungua bureti. Namimina asidi kwenye besi, nasubiri rangi igeuke. Mililita 20, rangi haijabadilika. 30, kimya. 50, bureti imekauka, chupa nyeupe kama maji ya kunywa. Nikajua hapa nimerogwa. Nimeanza upya mpaka 40 ndipo yule dada akakohoa, akaigusa ile chupa ya methili orenji kwa kidole. Jamani, sikuweka indiketa, ile dawa ya kuonyesha rangi! Ingebadilika rangi gani sasa? Muda uliobaki ukanitosha kupata jibu moja tu, nalo lilipitiliza mpaka likawa jekundu.

Ngoshaa
Ulimeza au hukumeza?

BintiTandika
Na yule dada je?

Mzee wa Ndimu
Ungekunywa maji ya ndimu. Asidi na besi zinamalizana, zinabaki chumvi na maji. Sisi wa zamani tulijua hilo.

Shangazi wa Tegeta
@Mzee wa Ndimu acha kupoteza watoto. Zikimalizana zinatoa joto, unataka kumchemshia mtu ulimi? Ni kutema na kusukutua kwa maji mengi, basi. Ikishuka tumboni, hospitali. Mimi natengeneza sabuni za maji, ile kostiki soda ukiitia kwenye ndoo ya maji ndoo inapata moto bila jiko. Na ni soda kwenye maji, usije ukageuza.

Mzee wa Ndimu
Nilikuwa natania, Shangazi.

Kimumunyishi
Tatizo ni lugha. Mtoto kasoma sayansi ya msingi kwa Kiswahili, Fomu Wani anageuziwa kibao, yote kwa Kiingereza, anakariri sauti.

MtoroWaPindi
Kiswahili chenyewe ndiyo hicho, kimumunyishi na kimumunyishwa? Mtoto si atapaliwa.

Kimumunyishi
Maji ya chai yanamumunyisha, sukari inamumunyishwa. Anayefanya na anayefanyiwa. Bibi yako anaelewa bila tuisheni.

MtoroWaPindi
Bibi yangu muache.

KondaMstaafu
Jamani, turudi. Moli je? Dogo anasema ni "uzito".

BintiTandika
Siyo uzito, ni hesabu. Dazani ni 12, trei la mayai ni 30, moli ni chembe 6.02 × 10²³. Uzito unakuja baadaye, na kila kitu kina wake. Chukua kalsiamu kaboneti, ile ya mawe ya chokaa kama yale ya Wazo, ujumlishe uzito wa atomi zake: kalsiamu 40, kaboni 12, oksijeni tatu za 16 ni 48. Jumla 100. Kwa hiyo moli moja ni gramu 100. Ukiwa na gramu 25 una robo moli. Mwambie aache kukariri, afanye hesabu kumi tu leo.

Ngoshaa
Akariri. Kuelewa ni kwa likizo. Keshokutwa ni pepa.

Shangazi wa Tegeta
Alale mapema na ale asubuhi. Mmeona yaliyompata Baba Wawili.

MtoroWaPindi
Asilale, nondo huingia saa tisa usiku.

KondaMstaafu
Asanteni. Nimempa mfano wa almasi na penseli, kacheka, kauandika ukutani kwa penseli. Mama atatuua wote.

BintiTandika
@Baba Wawili bado hujajibu kuhusu dada.

Baba Wawili
Huyu hapa ananisomea mnayoandika. Anasema chupa yake ya maji sijarudisha mpaka leo.

Ngoshaa
Sawa, ila ulimeza au hukumeza?