Naomba ushauri: hadithi ya watoto inayoniliza mwenyewe

Habari zenu wadau. Naandika hadithi ya watoto wa miaka 7 hadi 9: binti wa Bahi, Dodoma, anaachwa kwa bibi, mama anapanda treni kwenda Dar es Salaam. Binti huyo ni mimi. Nilikuwa nakula ugali wa uwele na mlenda huku nimekumbatia kanga ya mama, sitaki ifuliwe harufu ikaisha.

Nimeandika mara tatu. Nikitumia "mimi", inakuwa lawama za mtu mzima; nikimpa jina jingine, anapoa kama uji wa jana. Nilipowasomea watoto wa jirani, mmoja aliuliza tu, "Mama alirudi?" (Alirudi, baada ya miaka miwili.)

Wenye uzoefu, hadithi iishe mama hajarudi, au nitawanyima watoto usingizi? Na mama yuko hai: nimsomee kabla sijachapisha?