Injini moja ya kula magunzi, pumba na takataka, inawezekana?

posho_bugiri:
Wakuu habari zenu. Niko na mashini ya posho (kinu cha kusaga mahindi) huku Uganda upande wa Bugiri, inazungushwa na dizeli ya zamani ya silinda moja, hosipawa 12, ile ya kuwasha kwa hendeli. Dizeli inakula faida yote na huku nyuma ya kinu nina mlima wa magunzi, jirani wa kukoboa mpunga naye anamwaga pumba mpaka njiani watoto wanateleza. Sasa nimechora kwenye daftari injini moja ya kazi zote, unatia chochote, magunzi, pumba, chenga za mkaa, hata kavera (mifuko ya plastiki), asubuhi inasaga, mchana inavuta maji, usiku inawasha taa za senta. Nafikiria kuweka tanuru dogo juu ya silinda, moto uingie humo humo usukume pistoni. Kuna mtu ashajaribu? Msinicheke.

fundi_wa_katwe:
Sikucheki kaka, hata Rudolf Diesel mwenyewe kabla hajaeleweka alikuwa na wazo la kuchoma vumbi la makaa ya mawe ndani ya silinda. Kinachoua ni majivu. Yakiingia kati ya ringi na ukuta wa silinda ni kama umetia msasa, na majivu ya pumba za mpunga ndio mabaya zaidi maana karibu yote ni silika, mchanga ule ule wa kioo. Kwa hiyo hiyo tanuru itoe juu ya silinda, iweke kando. Unachohitaji ni gasifaya, pipa la chuma ambalo magunzi yanaungua kwa hewa ya kubania, hayawaki yakaisha, yanatoa gesi, na hiyo gesi ndio inaingia kwenye injini kupitia paipu ya hewa. Wakati wa vita kuu ya pili kule Ulaya magari mengi sana yalitembea hivyo kwa sababu petroli ilikuwa haipatikani, pipa limefungwa nyuma ya gari. Hapa kwetu shamba la chai la Muzizi huko magharibi walifunga mtambo wa namna hiyo wa kilowati 250, walikuwa wanaulisha kuni za mkaratusi.

mzee_wa_boila:
Mnampoteza kijana. Anataka kuchoma *chochote*, basi moto ukae nje ya injini kabisa, achemshe maji. Kiwanda cha sukari cha Kakira wanachoma makapi ya miwa na wanauza umeme, hawajali kama makapi ni machafu maana ndani ya mashini unaingia mvuke tu.

fundi_wa_katwe:
Mzee heshima yako, lakini Kakira ni Kakira. Injini ndogo ya mvuke inatumia vibaya moto, kama asilimia 6 hivi ndio inageuka kazi, hapo ni kilo nne za kuni kwa yuniti moja ya umeme wakati gasifaya nzuri ni kilo moja na kidogo. Halafu boila ya kuchomelea uchochoroni, lita moja ya maji inakuwa lita 1,600 na zaidi za mvuke, ikipasuka hiyo si kinu tena ni msiba. Mimi naunga vyuma kila siku na boila sigusi.

mama_kinu_masindi:
Mimi nilitengenezewa hiyo gasifaya, niwaambie ukweli. Wiki ya kwanza raha, dizeli inaenda tone tone. Wiki ya tatu injini ikakataa kuwaka, fundi akafungua kichwa, valvu zimeganda kwa lami nyeusi, unaivuta inanyooka kama ubani uliotafunwa. Sababu magunzi yalinyeshewa nikayatia hivyo hivyo. Na kitu kingine, ile gesi ina kaboni monoksaidi, sumu inayoua na haina harufu, kijana wangu alichungulia kwenye pipa ndani ya chumba akaanguka, tukamburuta nje, akapona. Mtambo wangu sasa uko chini ya mabati ya wazi, hauna ukuta.

posho_bugiri:
Asante mama, pole sana na hiyo ya kijana. Kwa hiyo dizeli haiachi kabisa? Na pumba na kavera?

fundi_wa_katwe:
Haiachi, hiyo gesi haijiwashi kwa kubanwa kama dizeli, lazima tone kidogo liingie kuiwasha, ila ukipatia unaokoa hata asilimia 70. Nguvu itapungua, kwa hiyo usisage na kuvuta maji kwa pamoja. Kavera sahau, zingine zinatoa asidi inakula vyuma na moshi wake ni sumu. Pumba zinataka pipa la namna nyingine lisilo na koo (ile sehemu nyembamba ya chini), kwenye pipa la magunzi zitakwama na majivu yake yatajaa upesi. Yaani injini inaweza kufanya kazi zote, pipa ndio haliwezi kula kila kitu. Anza na magunzi peke yake, yaanike mpaka ukilivunja moja linalia ta! Ukitoka kwenye pipa weka saikloni ya kushusha vumbi, halafu paipu ndefu ya kupoza yenye kizibo chini cha kutoa maji ya lami, halafu pipa la pili la kuchuja limejaa randa za mbao, na hizo randa uzibadilishe kabla hazijawa nyeusi. Kabla hujafungulia gesi kwenye injini iwashe kwanza kwa kiberiti pale kwenye bomba la majaribio, nje. Moto ukisimama wenyewe bila moshi mzito, fungulia. Ukitoa moshi wa njano mzito, ngoja.

mama_kinu_masindi:
Na oili ya injini ubadilishe mapema kuliko zamani, hiyo hawakuniambia.

posho_bugiri:
Sawa. Jumamosi nashuka Katwe, Kampala, kutafuta madramu mawili, nitaleta picha.